Mshale wa Kwenda Mbele

Jumamosi usiku, Mabela. Kiyoyozi kinakoroma.
Kesho ofisi na shule vinafunguka pamoja,
nasi tumeketi watatu juu ya zulia moja:
kompyuta mbili, simu moja, halwa kwenye kisahani,
na ubishi ulioanza tangu magharibi.

Mimi nina slaidi arobaini na moja za Pawapointi.
Mabomba yanayovuja, wilaya ya Sib, robo ya tatu.
Rangi yake ya buluu nimeirithi kwa Bwana Mbarak
aliyestaafu; yeye aliirithi kwa nani, sijui.
Ofisini kwetu buluu haiguswi.
Buluu ni cheo.

Muzna wangu, darasa la saba, ana Kanva.
Falaji yake inatiririka kwenye kioo,
matone yanaruka, mtende unapunga mkono.
"Mama, slaidi zako ni risiti ya duka kuu."
"Na zako ni matone matupu. Maji yenyewe yanatoka wapi?"
Kimya. Anatafuta rangi nyingine.

Bibi yake, Bi Shinuna, naye ana lake.
Jumanne atawafundisha watoto wa ukoo
kusoma barua za babu yake: Kiswahili
kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu.
"Nipeni chombo," asema, "kinachojua cha na pa na va
bila kuniuliza mimi ni mtu wa wapi."

Tunajaribu kwangu. Herufi zinaachana,
kila moja imekaa peke yake, zimenuniana
kama ndugu baada ya kugawa mirathi.
Tunajaribu kwa Muzna. Vijumba vitupu,
mtaa mzima usio na wapangaji.
Leseni yangu nayo inatoa onyo: zimebaki siku tatu.

"Mshale wa mbele uko upande gani?" auliza Bibi.
Mimi nanyoosha kidole kushoto: faili za ofisi ni za Kiarabu.
Muzna kulia: shuleni kwao ni Kiingereza.
Vidole vyetu nusura vimtoboe macho.
"Kumbe mbele," asema, "kuna pande mbili."
Sikumjibu. Kiswahili chake kinaanzia kulia,
changu kinaanzia kushoto,
cha Muzna kinaanza pale tu anapotaka pesa.

Saa nne na nusu ametuchoka.
Anaitandaza barua chini ya taa, anaipiga picha
kwa simu yake yenye ufa pembeni,
na picha inaingia kwangu, inaingia kwa Muzna,
na mikunjo yake, na doa la mafuta,
bila leseni, bila kiolezo. Anaisoma kwa kidole:

  Salamu zangu pokea, wa hapa sote wazima,
  Deni nalikumbushia, la mwaka ule wa nyuma,
  Mbili zimeshaingia, nane bado zimegoma,
  Usipolipa nakuja, kwa miguu, nikisema.

Tulitarajia hekima. Tumepata deni.
Muzna anacheka mpaka analala chali,
halafu anauliza, kwa Kiswahili, mdaiwa alikuwa nani,
na je, alilipa?
Bibi anakunja barua. "Hiyo ni slaidi ya pili."

Wamekwenda kulala. Nimefuta slaidi thelathini.
Sasa ya kwanza ni bomba moja tu, nyuma ya msikiti,
linalodondoka tangu mwezi wa tatu, na hesabu yake.
Buluu nimeiacha. Sina ubavu huo.

Nabonyeza mshale kujaribu. Ukurasa unakwenda kushoto.
Na kwenye kompyuta ya Muzna, aliyoiacha wazi zuliani,
ujumbe unaruka kutoka chumba cha pili:
"Mjukuu wangu, kwenye barua yangu
niwekee na yale matone."